Kuabudu katika jengo la wenzenu: maswali ambayo viongozi wa makanisa ya Kiswahili Marekani huuliza mara kwa mara

Ukurasa huu ni wa wachungaji, wazee wa kanisa, makatibu na wahasibu wa makundi ya Kiswahili yaliyoko Marekani: Wakongo wa Kivu na Katanga, Warundi, Watanzania, Wakenya, na makundi yenye mchanganyiko wa hao wote. Wengi wenu mnaingia jengoni wenyeji, yaani kanisa la Kimarekani lenye jengo, wanapotoka, na ninyi mkitoka wanaingia Wachin (kabila la Burma) au wasema Kihispania. Sheria hutofautiana jimbo kwa jimbo, kwa hiyo kila tunapogusa sheria hapa chini, mwoneni wakili kabla ya kusaini chochote.

Wenyeji walitupokea kwa upendo, hawakutaka hata karatasi. Tukiwaomba mkataba sasa, hawataona kwamba tumeacha kuwaamini?

Mchungaji aliyewapokea hatakaa hapo siku zote. Kwa Wamethodisti, mchungaji hupangiwa kituo na askofu na anaweza kuhamishwa. Kwa wengine, mzee wa kanisa aliyewapigania anastaafu na kuhamia kwa watoto wake jimbo lingine. Anayekuja baada yake anakuta kundi kubwa la watu jengoni kila Jumapili mchana na hapati hata mstari mmoja unaoeleza walifikaje. Si kwamba ana chuki. Anauliza tu lile ambalo ninyi pia mngeuliza, na jibu pekee mlilonalo ni kwamba mtu fulani, ambaye hayupo tena, aliwaambia karibuni.

Mkataba mzuri hauhitaji kurasa nyingi. Uandike siku na saa, vyumba mnavyotumia, mchango na tarehe ya kuulipa, nani anashika funguo na namba ya king'ora, nani anafagia na kutoa taka, vyombo vya muziki vinakaa wapi, nani anakutana na nani kukiwa na malalamiko, na notisi ya muda gani upande mmoja ukitaka kuachana. Hilo la notisi ndilo husahaulika, na ndilo linaloumiza zaidi. Ombeni miezi sita. Mkipewa mitatu, pokeeni. Siku thelathini msikubali, maana hakuna kundi linalopata ukumbi mwingine wa Jumapili kwa siku thelathini, tena wakati wa theluji.

Kuhusu kuwaudhi: Wamarekani wengi hawaoni karatasi kuwa tusi. Mara nyingi ni sisi tunaoona aibu kuitaja.

Asaini nani kwa upande wetu?

Lisaini kanisa, kwa jina lililosajiliwa, kwa mikono ya watu wawili au watatu: mchungaji, katibu na mzee mmoja. Msiandike jina la mchungaji peke yake. Tunajua linavyotokea: yeye ndiye mwenye Kiingereza, ndiye mwenye gari, ndiye aliyezunguka mji mzima kubisha hodi makanisani. Kisha kundi linagawanyika (na makundi yetu hugawanyika, tusifichane), na Jumapili moja wachungaji wawili wanafika mlangoni, kila mmoja na ufunguo wake na kwaya yake. Wenyeji hawajui wamfungulie nani. Wengine huamua kutomfungulia yeyote.

Kusajili kanisa kama shirika lisilo la faida hufanyika kwenye ofisi ya jimbo lenu, halafu mnaomba namba ya utambulisho ya mwajiri kutoka mamlaka ya kodi, IRS, hata kama hamna mfanyakazi hata mmoja. Kwa namba hiyo mnafungua akaunti ya benki yenye watia saini wasiopungua wawili, wasiotoka nyumba moja. Sheria ya kodi ya Marekani huyahesabu makanisa kuwa yamesamehewa kodi ya mapato hata bila kuomba, ila barua ya kuthibitisha hali hiyo hurahisisha mambo mengi, na baadhi ya wenyeji huidai.

Someni kila mstari wa karatasi za usajili. Richard Allen na Wamethodisti weusi wa Philadelphia waliondoka katika kanisa la St. George's baada ya wenzao kuinuliwa kwa nguvu wakiwa wamepiga magoti kuomba. Wakaanzisha lao, Bethel, mwaka 1794. Hati ya usajili ya mwaka 1796, waliyoandikiwa na mchungaji mzungu, ililiweka jengo chini ya Konferensi ya Wamethodisti, na kwa miaka mingi wakuu wa Konferensi walidai mimbari na funguo za nyumba ambayo Allen na wenzake ndio walioilipia. Kesi ilikwenda hadi Mahakama Kuu ya Pennsylvania, ambayo iliwapa Bethel ushindi mwaka 1816, na mwaka huohuo wakaunda dhehebu lao, African Methodist Episcopal. Miaka ishirini ya mvutano ilianzia kwenye karatasi iliyosainiwa kwa imani njema.

Mchungaji wa wenyeji amekubali. Hiyo haitoshi?

Mara nyingi haitoshi. Ulizeni jengo ni la nani na ni kikao gani chenye mamlaka ya kulipangisha. Kwa Wapresbiteri wa PC(USA), kanisa haliwezi kupangisha nyumba yake ya ibada bila ruhusa ya presbiteri, yaani baraza lao la eneo, hata kama wazee wote wa hapo wameridhia. Kwa United Methodist na Episcopal (Waanglikana wa Marekani), mali ya kanisa la mtaa hushikiliwa kwa amana kwa ajili ya dhehebu zima, na ngazi za juu zina sauti. Kwa Wabaptisti, kwa kawaida waumini wenyewe ndio wenye neno la mwisho, kwa hiyo huenda mkahitaji kura ya mkutano mkuu wao. Kikao chenye mamlaka kikishapitisha, ombeni nakala ya azimio na muihifadhi.

Tuchangie kiasi gani?

Hakuna bei moja. Njia ya haki ni kuanzia kwenye gharama halisi za jengo kwa mwaka: umeme, gesi, maji, bima, usafi, kuondoa theluji, matengenezo madogo. Tuseme, kwa mfano tu, jumla ni dola 60,000, na jengo linatumika saa 48 kwa wiki kwa makundi yote pamoja. Kama ninyi mnatumia saa 12, fungu lenu ni robo, yaani dola 15,000 kwa mwaka au 1,250 kwa mwezi. Mkiona hamuwezi, semeni mnaloweza na mseme mtaliangalia tena lini. Kundi linalolipa dola 400 bila kukosa, tena tarehe moja kila mwezi, linaheshimiwa kuliko linaloahidi 1,000 na kulipa likikumbuka.

Kazi za mikono zina thamani, lakini zisichanganywe na pesa bila kuandikwa. Tumeona mafundi wetu wakipaka rangi ukumbi mzima kwa moyo mweupe, na miezi michache baadaye wakadaiwa mchango kamili kana kwamba hawakufanya lolote.

Lipeni kwa hundi au kwa benki, kamwe si pesa taslimu kwenye bahasha. Na wenyeji wana sababu nao ya kuwa waangalifu: katika majimbo mengi, jengo lililosamehewa kodi ya mali linaweza kuulizwa maswali likianza kupangishwa kibiashara. Ndiyo maana wengine hupendelea kuandika "mchango wa gharama" badala ya pango.

Wenyeji wana bima. Kwa nini tunadaiwa yetu?

Bima yao inalinda wao. Mtoto wa kwenu akivunjika mkono kwenye ngazi wakati wa ibada yenu, kampuni ya bima itauliza shughuli ilikuwa ya nani. Wenyeji wengi hudai bima ya dhima ya dola 1,000,000 kwa tukio moja, na cheti kinachowataja wao pia kuwa wanakingwa. Kiasi hicho kinatisha kwenye karatasi. Ada yenyewe ni ndogo sana kuliko namba hiyo. Ombeni bei kwa kampuni zinazohudumia makanisa, na ziwe zaidi ya moja.

Wanataka walimu wetu wa Sunday school wachunguzwe rekodi za polisi. Si kutudharau?

Si kuwadharau. Wanamchunguza hata mama yao wa miaka sabini anayepanga penseli. Hili msilijadili sana: kubalini, na ongezeni kwamba hakuna mtu mzima atakayekaa peke yake na watoto katika chumba kilichofungwa. Kwetu kila mtu mzima ni mzazi wa kila mtoto, na desturi hiyo tunaipenda. Hata hivyo, hapa mtoto mwenye miaka mitano akirandaranda ghorofa ya chini ya jengo peke yake, mwenyeji akimwona haoni malezi ya pamoja. Anaona mtoto aliyetelekezwa, na anaweza kupiga simu kwa mamlaka. Wekeni watu wawili wa zamu kwenye korido kila ibada.

Ibada zetu hazimaliziki kwa saa. Tufanyeje?

Kwanza, ombeni saa mnazozitumia kweli. Kosa la kawaida ni kuomba saa mbili ili kuonekana wanyenyekevu, kisha kutumia tano. Kama kwaya zenu ni nne, ushuhuda upo, mahubiri ni saa nzima, na matoleo yanatolewa kwa kucheza, ombeni saa nne na nyingine moja ya kufungasha vyombo na kusalimiana. Wenyeji watakubali au watakataa, lakini hawatadanganyika.

Pili, mteueni mtunza saa mwenye mamlaka juu ya mhubiri, hata mhubiri akiwa askofu mgeni kutoka Bukavu au Dar es Salaam. Hapa ndipo uongozi unapojulikana. Mchungaji ambaye hawezi kuambiwa na mzee wake "baba, bado dakika kumi" hawezi kushiriki jengo na mtu. Roho Mtakatifu hana saa, ni kweli, lakini Wachin wanayo, na wamesimama nje kwenye baridi na watoto wachanga migongoni wakisubiri mmalize "wimbo wa mwisho" wa tatu.

Mkichelewa, nendeni kwa kiongozi wao wiki hiyohiyo, mtu na mtu. Ujumbe wa simu hautoshi.

Na mkesha?

Ombeni mapema, mara moja kwa mwezi au kwa robo mwaka, na spika zizimwe saa ambayo sheria ya mji inataka utulivu. Maombi yaendelee kwa sauti za watu ndani, madirisha yakiwa yamefungwa. Majirani wakiita polisi, anayeandikiwa barua ni mwenye jengo.

Jikoni kuna ugomvi usiokwisha. Harufu, sufuria, jokofu.

Katika majengo mengi tuliyoyajua, vita vikali vilianzia jikoni, vikafika mimbarini baadaye. Jiko la kanisa la Kimarekani lina wenyewe: kina mama wachache, wazee, waliopanga vikombe vile miaka mingi kabla yenu. Mchungaji wao anaweza kuwapa jengo zima. Jiko hawezi, maana hana mamlaka nalo na anajua. Kwa hiyo mama mchungaji na kina mama wawili watatu waende kwao, waoneshwe kila kabati, waulize kipi kisiguswe. Ikiwezekana wapike pamoja siku moja, sambusa kwa mfano, maana hazina mabishano.

Halafu mambo ya kawaida. Leteni masufuria yenu makubwa na kabati lenu lenye kufuli. Ndagala na samaki wakavu viandaliwe nyumbani, pale vipashwe moto tu, feni ikiwa inazunguka. Mafuta ya kukaangia yasimwagwe kwenye sinki. Yanaganda ndani ya bomba, na fundi wa mabomba wa siku ya Jumatatu ana bei ambayo haiingii kwenye matoleo ya Jumapili moja. Taka zenye chakula zitoke jengoni siku ileile. Nepi pia.

Wenyeji nao wana lao la kujifunza. Kwetu chakula baada ya ibada ni sehemu ya ibada. Kuna wazee wanaokaa peke yao wiki nzima na hiyo ndiyo siku yao ya kula ugali na sombe na kuongea lugha yao. Mwelezeni mwenyeji hivyo, waziwazi. Wengi hudhani ni sherehe, wakashangaa mbona kila wiki kuna sherehe.

Msiba ukitupata ghafla tutapata wapi muda wa kuomba ukumbi?

Ombeni kabla msiba haujatokea. Wekeni kwenye mkataba kifungu cha msiba: mtu mmoja wa kupigiwa simu upande wa wenyeji, ukumbi gani unaweza kutumika jioni, na hadi saa ngapi. Kwa Mmarekani wa kawaida, mazishi ni ibada ya saa moja na chai. Kwetu watu hukusanyika jioni hadi jioni, wakichanga, hasa mwili unapotakiwa kurudishwa nyumbani, na hapa maziko yanaweza kuchukua wiki au zaidi. Mwenyeji asipoelezwa, atashangaa kuona taa zinawaka siku ya tano na magari yamejaa maegesho yote.

Kundi lingine la Kiswahili limeomba jengo hilohilo. Kuna historia kati yetu. Tukatae?

Swali hili huja kwa sauti ya chini, na ni zito kuliko yote ya bima na jikoni.

Madhehebu ni sehemu nyepesi. Waliolelewa CEPAC, kanisa la Kongo lililotokana na Wapentekoste wa Sweden, na waliolelewa CELPA, ya Wapentekoste wa Norway, wanatofautiana kidogo sana mbele ya Mmarekani. Wao wenyewe wanajua tofauti zao na wanaweza kuzimaliza mezani. Mtanzania wa KKKT, yaani Mlutheri, na Mkongo wa CEPAC watabishania ubatizo wa watoto, na watabaki kuwa marafiki.

Kilicho kigumu ni damu. Kuna watu wa Kivu Kusini, Wanyamulenge, Wabembe, Wafuliru, Wavira, wanaoabudu leo katika mji mmoja wa Marekani, na kila upande una makaburi unayoyakumbuka. Usiku wa 13 Agosti 2004, zaidi ya watu 150, wengi wao Wanyamulenge, waliuawa katika kambi ya wakimbizi ya Gatumba, Burundi, na manusura wengi walipokelewa Marekani miaka michache baadaye. Upande mwingine una majina ya vijiji vyake vilivyochomwa. Mwenyeji hajui lolote. Anaona "Waafrika wanaosema Kiswahili" na kwa nia njema kabisa anauliza: kwa nini msiungane muwe kanisa moja, tuokoe gharama?

Ushauri wetu: msikubali kuunganishwa kwa sababu ya gharama, na msikatae kushiriki jengo kwa sababu ya kabila. Kuwa chini ya paa moja kwa saa tofauti kunawezekana mapema. Kuwa kanisa moja, kama kutakuwapo, kutangoja. Mwelezeni mchungaji mwenyeji kwa ufupi na kwa staha, bila kumgeuza hakimu wa vita asivyovijua; msimpelekee video za WhatsApp. Kisha wachungaji wawili wa pande hizo wakutane wenyewe, nyumbani kwa mmoja wao, wale pamoja. Wakubaliane mambo matatu: hakuna kutaja kabila la wengine kwa ubaya mimbarini, hakuna matanga ya kisiasa ndani ya jengo, na kijana atakayeandika matusi mtandaoni ataitwa na mchungaji wake mwenyewe kabla ya wa upande wa pili kulalamika. Tumeona makubaliano haya yakishikwa. Tumeona pia yakivunjika siku moja baada ya habari mbaya kutoka Minembwe au Uvira, huko Kivu Kusini. Wachungaji walioendelea kupigiana simu siku hiyo ndio walioliokoa jengo.

Kila mwaka tunafanya ibada ya pamoja na wenyeji. Kwaya yetu inaimba, wanapiga makofi na picha. Tunatoka tukiwa hatujaridhika, wala hatujui kwa nini.

Sababu ni kwamba mlialikwa kwenye ibada ambayo wengine waliipanga. Wao walichagua mada, mhubiri, saa na urefu, ninyi mkapewa dakika saba na vitenge.

Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Wenyeji wengi wema hukwama siku ya pili: wanatuhudumia, wanatupikia, wanatukusanyia makoti. Wengine wanafika siku ya tatu na kutupa jembe, yaani zamu ya kufagia. Wachache ndio wanaotuita kwenye kikao cha kuamua shamba lipandwe nini.

Soma Matendo 6 kwa jicho hili. Wajane wa Wayahudi wa Kiyunani walikuwa wakisahauliwa katika mgao wa kila siku. Mitume hawakuwaomba wavumilie, wala hawakuunda kamati ya wazee wa Kiebrania kushughulikia malalamiko yao. Kundi lilichagua saba, na majina yote saba ni ya Kiyunani. Wa mwisho, Nikolao wa Antiokia, hakuzaliwa hata Myahudi. Meza yote, ya wajane wa pande zote mbili, ikawekwa mikononi mwa watu wenye majina ya upande uliolalamika. Na Antiokia, katika Matendo 13, safu ya viongozi ina Barnaba wa Kipro, Simeoni aitwaye Nigeri, Lukio kutoka Kirene iliyoko Libya ya leo, Manaeni aliyelelewa pamoja na Herode, na Sauli wa Tarso. Kanisa hilo ndilo lililotuma wamisionari.

Kwa vitendo: ombeni kamati ya jengo yenye viti sawa kwa kila kundi, viwili viwili, bila kujali nani analipa zaidi. Ikutane kila mwezi, mwenyekiti abadilike, na muhtasari uandikwe kwa Kiingereza na kwa lugha zenu. Mkalimani awe mtu mzima anayelipwa. Mtoto wa mzee wa kanisa mwenye miaka kumi na mbili asiwekwe kutafsiri ugomvi wa pesa kati ya baba yake na mchungaji mzungu. Ni mzigo mbaya kwake, na kwa baba yake ni aibu.

Zaidi ya yote, ulizeni nani anaruhusiwa kuandika kwenye kalenda ya jengo. Kalenda kwa kawaida iko kwenye kompyuta ya katibu wa ofisi, na wageni hupata habari ya harusi au mnada Jumapili ileile wanapofika na kukuta viti vimepinduliwa. Mpaka mtu wenu awe na ruhusa ya kuiona kalenda nzima na kuweka alama humo, maneno kama "familia moja" yapokeeni kwa tabasamu na muendelee kuomba.

Kuhusu ibada ya pamoja yenyewe: mwaka mmoja mhubiri awe wenu, ahubiri kwa Kiswahili, na wenyeji ndio wasikilize kupitia mkalimani. Wengi husema siku hiyo ndiyo walipofahamu jinsi tunavyokaa kila wiki.

Wenyeji wana msimamo tofauti na wetu kuhusu ndoa. Tukiabudu kwao, si tumekubaliana nao?

Ulizeni kabla ya kusaini, si baada ya mwaka. PC(USA) ilibadilisha maelezo yake ya ndoa mwaka 2015 ili kuruhusu ndoa za jinsia moja. United Methodist iliondoa makatazo yake mwaka 2024. Andikeni kwenye mkataba kwamba kushiriki jengo hakuufungi upande wowote kwa mafundisho ya mwingine. Mkishaingia, msitumie mimbari ya mtu kumshambulia yeye. Kama dhamiri za wazee wenu haziruhusu, toeni notisi, lipeni mlichodaiwa, aganeni vizuri. Kuna makundi yaliyokaa na mengine yaliyoondoka, na tunawaheshimu wote walioamua kikaoni, wasiosukumwa na uvumi.

Je, kuabudu katika nyumba ya watu si dalili kwamba sisi ni maskini, kanisa lisilokomaa?

Mwaka 1550, mfalme Edward VI wa Uingereza aliwapa wakimbizi wa Kiprotestanti kutoka Uholanzi na Ufaransa kanisa la waliokuwa watawa wa Augustino mjini London, wakiwa na msimamizi wao, Mpolandi John a Lasco. Mfalme alifariki mwaka 1553, na chini ya dada yake Maria wakalazimika kuondoka. Baadaye, wakati wa Elizabeth, wakarudi, na kanisa la Kiholanzi liko hapo Austin Friars hadi leo. Huko Canterbury, Waprotestanti wasemao Kifaransa waliokimbia mateso walipewa sehemu ya chini ya kanisa kuu karne hiyohiyo ya 16, na ibada ya Kifaransa imedumu humo hadi nyakati zetu. Bautzen, Ujerumani, Wakatoliki na Waprotestanti wanagawana kanisa moja tangu wakati wa Matengenezo ya Kanisa (Reformation), wakitenganishwa na kizuizi ambacho zamani kilikuwa kirefu kuliko mtu na sasa kimefupishwa.

Na ipo Yerusalemu. Kanisa la Kaburi Takatifu linashirikiwa na jumuiya sita chini ya utaratibu uliothibitishwa na Waosmani mwaka 1852, na funguo ziko kwa familia za Kiislamu. Mwaka 2002 mtawa Mkopti alisogeza kiti chake kivulini juu ya paa, Waethiopia wakaona ameingia eneo lao, na watu wakapelekwa hospitali. Kwa hiyo mkigombania viti vya plastiki, hamko peke yenu.

Vijana wetu wameanza kwenda ibada ya Kiingereza ya asubuhi. Tuwazuie?

Hapana. Wakae kote kuwili wakitaka. Msiwape wenyeji vijana wenu kimyakimya, lakini. Ombeni kiongozi wa vijana wa pamoja, mmoja wa kwenu akiwa msaidizi wake mwenye posho. Na mchana, mruhusuni kijana asome neno kwa Kiingereza bila mzee kukunja uso.

Tukirusha ibada mtandaoni kuna shida?

Kuimba ndani ya ibada sheria ya Marekani inaruhusu. Kurusha wimbo wenye mwenyewe mtandaoni, au kuonesha maneno yake ukutani, kunahitaji leseni, kama zile za CCLI, kampuni inayotoa leseni za nyimbo kwa makanisa. Leseni ya wenyeji haiwafuniki ninyi.

Maofisa wa uhamiaji wakija jengoni?

Sera iliyokuwa ikizuia kwa sehemu kubwa ukamataji makanisani ilifutwa Januari 2025. Pangeni na wenyeji mapema mambo haya: nani anaongea mlangoni, simu ya wakili ni ipi, na vyumba gani si vya umma na vimeandikwa hivyo. Ukumbi wa ibada uliofunguliwa kwa wote huhesabiwa mahali pa umma. Chumba cha faragha kinahitaji hati iliyosainiwa na jaji, tofauti na ile inayotolewa na ofisi ya uhamiaji yenyewe. Msiwazuie kwa mikono wala kusema uongo. Waombeni wakili aje afundishe makundi yote kwa pamoja jioni moja, wenyeji wakiwemo.

Tunasikia wenyeji wamebaki wachache na jengo litauzwa. Tutaambiwa lini?

Kwa kawaida mwisho, msipoomba iwe vinginevyo. Wekeni kwenye mkataba kwamba mtajulishwa siku moja na waumini wao, na kwamba ninyi mtapewa nafasi ya kwanza ya kutoa bei kabla jengo halijatangazwa. Kumbukeni tena swali la nani mwenye jengo: kanisa likifungwa, mara nyingi ni presbiteri, konferensi au dayosisi itakayoamua, na hao huenda hawajawahi kuwaona. Waalikeni mapema, wakiwa bado hawana jengo la kuuza, waje ibadani na wale chakula.

Mkipewa jengo bure, shangilieni polepole. Kuna makundi yaliyopokea kanisa la matofali la miaka mia moja na kukuta paa linavuja, mtambo wa joto umekufa, na bili ya gesi ya Januari pekee inazidi walichokuwa wakichangia miezi mitatu. Mlipeni mkaguzi wa majengo aliangalie lote, msingi hadi mabomba, na ripoti yake itafsiriwe na kusomwa mbele ya wazee wote kabla ya kusema ndiyo.